Mwaka Mmoja wa Kijiji Kisichopo

Kaskazini mwa Uingereza, ndani ya ardhi ya jumba la kikabaila la Harewood karibu na jiji la Leeds, kuna kijiji chenye kanisa, baa, duka na mtaa wa nyumba za mawe. Hakuna mtu anayelala humo. Makaburi ya kanisani yana majina na tarehe, lakini chini ya udongo hamna maiti hata moja. Nyumba nazo ni fremu za mbao zilizovishwa mawe kwa nje, na anayefungua mlango akitarajia sebule hatakuta kochi wala jiko. Sebule yenyewe iko studio, Leeds mjini. Kijiji hicho ni Emmerdale, na mambo ya wakazi wake yamekuwa yakirushwa na kituo cha ITV tangu tarehe 16 Oktoba 1972.

Waingereza huita tamthilia za aina hii kwa jina la sabuni. Jina hilo lilizaliwa Marekani miaka ya 1930, pale kampuni za sabuni kama Procter & Gamble zilipogharamia michezo ya redio ya mchana iliyowalenga akina mama waliokuwa nyumbani, wakifua na kupika huku wakisikiliza. Jina likavuka bahari, sabuni ikabaki ng'ambo: BBC, ambayo nchini Uingereza haina matangazo ya biashara, nayo ina tamthilia yake ya sabuni, EastEnders, iliyoanza mwaka 1985. Iliyo kongwe kuliko zote kwenye televisheni ya Uingereza ni Coronation Street, ya mtaa wa wafanyakazi wa Manchester, iliyoanza Desemba 1960. Emmerdale ndiyo ya shamba. Humo mna kondoo, matrekta, matope, na jamaa wawili wanaogombania mpaka wa konde.

Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyezoea tamthilia za Meksiko, Ufilipino na Uturuki atahisi yuko nyumbani mpaka atakapoulizia mwisho. Zile huwa na mwisho: hata zikifika sehemu ya mia mbili, harusi itafungwa, mbaya ataumbuka na jina la mtayarishaji litapita kwenye kioo mara ya mwisho. Emmerdale haina harusi ya mwisho. Inafanana zaidi na zile hadithi za magazetini zilizofungwa kwa neno "itaendelea", ila hapa neno hilo limekwisha kukaa zaidi ya miaka hamsini bila kufutwa.

Kinachoiendesha ni kalenda. Kwa kawaida kipindi kimoja ni siku moja kijijini, na siku hiyo hufuatana na ya mtazamaji. Kwa Waingereza ikiwa Krismasi, Emmerdale nako ni Krismasi. Mvulana aliyezaliwa humo akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, watoto waliozaliwa mwaka wake katika nyumba za watazamaji nao wamo darasani. Mara chache waandishi huchakachua, kwa mfano wanapohitaji kijana wa miaka kumi na sita na aliyepo ana kumi na miwili; mtoto hupelekwa kwa ndugu wa mbali, na baada ya miezi hurudi na sura nyingine na sauti nzito, bila mtu kijijini kushangaa. Mbali na hila za namna hiyo, mwaka ni mwaka. Ndiyo sababu kazi ya kutengeneza tamthilia hii haifanani na kazi ya filamu: mwenye filamu akichelewa husogeza tarehe ya uzinduzi, lakini Jumatatu haisogezwi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1972 serikali ya Uingereza iliondoa mipaka iliyokuwepo ya saa za kurusha matangazo ya televisheni, na ghafla vituo vya ITV vikajikuta vina mchana mtupu wa kujaza. Yorkshire Television ikamwagiza mwandishi Kevin Laffan aandike mchezo wa maisha ya shamba, ukaitwa Emmerdale Farm. Kipindi cha kwanza kilifunguka kwa mazishi: mzee Jacob Sugden amefariki, na mwanawe Jack, aliyeondoka nyumbani miaka kadhaa nyuma, anarudi na kukuta shamba ameachiwa yeye. Mdogo wake aliyebaki akikamua ng'ombe miaka yote hiyo hakufurahi. Ni mgogoro ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi anaujua, na ulitosha kuanzisha kazi iliyokusudiwa kudumu miezi michache tu, mara mbili kwa wiki.

Kwa miaka mingi mchezo huo ulikuwa na likizo zake. Ni mwaka 1988 ndipo ulipoanza kurushwa mwaka mzima bila kupumzika, na mwaka uliofuata neno la "shamba" likakatwa kwenye jina. Baadaye idadi ya vipindi ikapanda: vitatu kwa wiki mwaka 1997, vitano mwaka 2000, sita mwaka 2004. Kila ongezeko lilikuwa na sababu ileile ya kibiashara. Tamthilia iliyokwisha kuwa na seti, waigizaji wa mkataba na hadhira ya uhakika ni nafuu kwa saa kuliko mchezo mpya unaoanza na chumba kitupu, na tena humleta mtazamaji yuleyule mbele ya matangazo ya biashara kila jioni.

Hesabu ya mwaka mmoja ni rahisi, na inatisha kidogo. Vipindi vitano kwa wiki, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 52, ni vipindi 260. Nusu saa ya ITV ikitolewa matangazo inabaki na dakika 22 hivi za mchezo wenyewe. Hizo ni dakika 5,720 kwa mwaka, yaani zaidi ya saa 95, sawa na filamu 47 za saa mbili mbili. Vilipokuwa vipindi sita kwa wiki, jumla ilifika 312. Hakuna mwandishi mmoja anayeweza kubeba mzigo huo, wala mwongozaji mmoja, wala seti moja ya kamera.

Uandishi huanza mbali na maneno ya wahusika. Mara chache kwa mwaka mtayarishaji mkuu, waandishi na watunga visa huketi pamoja kwa siku mbili tatu na kuulizana maswali makubwa: nani ataoa, nani atafilisika, siri ya baba halisi wa mtoto itafichuka mwezi gani, na ajali ya mwaka itakuwa moto, gari au mafuriko. Watunga visa wana kazi yao maalumu; hawaandiki mazungumzo. Wanayachukua yale makubwa na kuyakatakata yawe wiki, kisha siku, mpaka kila kipindi kiwe na maelezo yake ya kurasa chache. Hapo ndipo mwandishi wa muswada anapokabidhiwa siku yake moja. Anajua jana yake imeishia wapi na kesho ya mwenzake itaanzia wapi, na yeye hana ruhusa ya kuua mtu ambaye mwenzake anamhitaji Alhamisi. Ndani ya uzio huo ana uhuru: namna ugomvi unavyoanza, mzaha unaoukatisha, kimya kinachoufuata.

Kipindi kimoja husukwa kama mkeka, kwa kili zaidi ya moja. Ukili mpana ni kisa kikubwa cha wiki, pengine mume aliyegundua jambo. Wa pili ni kisa kinachopanda polepole, ambacho wiki ijayo ndicho kitakuwa kikubwa. Wa tatu mara nyingi ni wa kuchekesha: mashindano ya maboga, au mbuzi aliyekula barua ya benki. Huu wa tatu hudharauliwa na wahakiki, na si haki. Bila huo, wiki tatu za kilio zingemchosha hata mwenye moyo wa jiwe, na watazamaji wengi humpenda mhusika kwa sababu ya mzaha wake muda mrefu kabla ya kumlilia. Kisha kuna mapumziko ya matangazo katikati: sekunde za mwisho kabla yake lazima ziache swali, ili mkono usiende kwenye rimoti. Swali kubwa zaidi huwekwa mwisho wa kipindi, na kubwa kuliko yote mwisho wa Ijumaa, kwa kuwa linapaswa kudumu siku mbili nzima.

Kwenye upigaji picha ndiko hesabu inakobana. Dakika 110 za wiki zikigawanywa kwa timu mbili zinazofanya kazi siku tano, kila timu inapaswa kutoa dakika 11 zilizokamilika kwa siku. Watu wa filamu za sinema wakipata dakika mbili au tatu kwa siku hushukuru. Kwa hiyo timu hupiga kwa kufuata mahali, haifuati mtiririko wa kisa. Wakiingia kwenye baa ya kijiji, iitwayo Woolpack, hupiga matukio yote ya baa ya wiki nzima: asubuhi wenye baa wanatalikiana, mchana wanasameheana, na kabla ya kwenda nyumbani wanapiga ule ugomvi ulioleta talaka. Mwigizaji anayeingia kaunta lazima akumbuke, katika wakati huo wa kisa, kama ameshajua kuwa amesalitiwa au bado.

Tukio dogo tu la watu wawili kaunta linaonyesha ugumu wenyewe. Mmoja ameshika glasi ya bia, ambayo kwa kweli ni kinywaji kisicho na kileo. Tukio hurudiwa mara kadhaa, kamera ikiwa kwa huyu, kwa yule, na kwa wote wawili. Kama glasi ilikuwa nusu wakati wa neno fulani, ni lazima iwe nusu kila mara neno hilo linaposemwa, la sivyo picha zikiunganishwa bia itapanda na kushuka yenyewe kama maji ya bahari. Kwa hiyo kuna mtu ambaye kazi yake ni kutazama mambo hayo tu: kimo cha kinywaji, kifungo kilichofungwa, mkono uliobeba mkoba, nywele zilizokuwa nyuma ya sikio. Chupa nazo zina habari yake. Kwa miaka mingi kanuni za utangazaji za Uingereza zilikataza kampuni kulipia bidhaa zake zionekane ndani ya mchezo, na Woolpack ikawa na bia yake ya kubuni, Ephraim Monk. Katazo hilo lililegezwa Februari 2011, lakini Ephraim Monk iliendelea kunywewa.

Nje ya studio adui ni jua. Vipindi hupigwa wiki kadhaa kabla ya kurushwa, na Uingereza ni nchi ambayo wiki sita hubadili kila kitu: miti iliyokuwa na majani inabaki vijiti, na saa kumi jioni iliyokuwa mchana inakuwa usiku. Krismasi ya Emmerdale hupigwa wakati majani mengine bado yako matawini. Basi hupambwa taa, hupulizwa theluji ya bandia, na waigizaji huvaa makoti mazito hata kama siku hiyo haina baridi ya kuyadai. Mwezi Machi huwa kinyume chake: wamevalia nguo nyepesi za masika, na tukio likikatwa tu, mtu wa mavazi anakimbia na blanketi.

Kijiji chenyewe kimehama mara mbili kwa sababu za usumbufu. Kwanza kilikuwa Arncliffe, kijiji halisi katika mabonde ya Yorkshire. Wageni walipozidi kikahamia Esholt, karibu na Bradford, ambako baa ya hapo hatimaye ilibadili jina lake na kuitwa Woolpack kwa kuwa kila mgeni aliiita hivyo. Huko nako watalii waliofika kwa mabasi waliwazonga wakazi na kuingia kwenye picha. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990 kikajengwa kijiji cha bandia Harewood, ambako mtazamaji hawezi kutokea dirishani na kupunga mkono wakati wa mazishi.

Kwa sababu kalenda ndiyo inayoongoza, mwaka wa Emmerdale una misimu kama mwaka wa mkulima. Januari huwa ya kulipa madeni ya Krismasi: waliotoroka wanatafutwa, waliolala hospitali wanaamka. Masika ni ya kondoo kuzaa. Kiangazi huwa kimya, maana Waingereza wako likizo na jioni ni ndefu; waandishi hukitumia kupanda mbegu. Oktoba ni mwezi wa mavuno makubwa. Ndio mwezi wa kuzaliwa kwa tamthilia, giza limeanza kuwahi, watu wamerudi ndani, na hapo ndipo huwekwa wiki ya ajali. Tarehe 17 Oktoba 2012, kwa kutimiza miaka 40, kipindi kilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa, kikiwa na harusi, uzazi na mauaji ndani ya saa moja. Baada ya yote hayo, ilikuwa vigumu kwa mtu kulalamika kwamba maisha ya shamba yamepoa. Miaka kumi baadaye, kwa jubilei ya hamsini, kijiji kilipigwa na dhoruba.

Krismasi ni ya ushindani. Usiku huo kila kituo huweka karata yake nzito mezani, na desturi ya kuvunja ndoa mbele ya bata mzinga imekita mizizi tangu Krismasi ya 1986, pale Den wa EastEnders alipomkabidhi mkewe Angie hati za talaka huku zaidi ya watu milioni 30 wakitazama. Nchi nzima ilikuwa na watu wasiofika milioni 57.

Emmerdale ilipata siku yake kubwa tarehe 30 Desemba 1993. Tamthilia ilikuwa imezorota, na Phil Redmond, mwanzilishi wa tamthilia ya Brookside, aliitwa kutoa ushauri. Ushauri ulikuwa ndege. Abiria mia kadhaa wasio na majina walianguka juu ya kijiji, wahusika wanne waliofahamika wakafa, na watazamaji wapatao milioni 18 wakaona. Wengi walikasirika, kwa kuwa siku chache tu kabla ilikuwa imetimia miaka mitano tangu ndege halisi ilipolipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, Desemba 1988. Hasira hizo zilikuwa na msingi. Hata hivyo, kwa kazi iliyokusudiwa, ndege ilifanya kazi: waandishi waliondoa waliowachoka, wakapata majeraha ya kuandikia mwaka mzima, na kijiji kilichokuwa kikiitwa Beckindale kikapewa jina jipya, Emmerdale. Mwaka uliofuata, 1994, ndipo ukoo wa Dingle, wakorofi wa zizi la nguruwe, ulipoanza kuonekana. Leo ni vigumu kuifikiria tamthilia bila wao.

Yote hayo hufanyika chini ya saa ya ukutani. Sheria za utangazaji za Uingereza, zinazosimamiwa na chombo kiitwacho Ofcom, zinataka mambo yasiyofaa watoto yasirushwe kabla ya saa tatu usiku. Emmerdale, kwa miaka mingi, ilikuwa ikianza saa moja au saa moja na nusu. Mauaji yanaruhusiwa, damu inayotiririka hapana. Matusi ya shambani lazima yasafishwe. Waandishi hulalamika, lakini masharti hayo yamewafundisha kuonyesha uso wa anayeona badala ya kile anachokiona, na mara nyingi uso huo unasema zaidi.

Mfano ulio bora wa kile ambacho tamthilia ya kila siku inaweza na filamu haiwezi ni kisa cha Ashley Thomas, kasisi wa kijiji, aliyeigizwa na John Middleton. Ashley alipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Filamu ingemwonyesha akiwa mzima, kisha mgonjwa, kisha maiti, ndani ya saa mbili. Emmerdale ilimpoteza kidogokidogo, wiki kwa wiki: leo amesahau jina, mwezi ujao amesahau njia ya kwenda nyumbani. Watazamaji walikuwa wamemjua zaidi ya miaka kumi na tano akibatiza, akiozesha na kuzika watu walewale. Desemba 2016 kilirushwa kipindi kilichosimuliwa kutoka ndani ya kichwa chake. Waigizaji wa kawaida wa baadhi ya wahusika waliondolewa na wengine wakawekwa mahali pao, hivyo mtazamaji naye, aliyewazoea wote, akajikuta amezungukwa na nyuso asizozijua zinazomwita kwa upendo. Ashley alifariki Aprili 2017.

Baada ya kipindi kama hicho, mtangazaji hutaja namba ya simu ya msaada kwa walioguswa. Upande huu wa mafunzo ni wa zamani Uingereza: The Archers, igizo la redio la BBC linaloendelea tangu 1951, lilianza kwa ushauri wa wizara ya kilimo, ili wakulima wajifunze mbinu bora bila kuhubiriwa. Mfano wa The Archers ulifika hadi Rwanda, ambako igizo la redio la Urunana lilianza mwaka 1999. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine. Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993, ilifuata mbinu za Mmeksiko Miguel Sabido, na dereva wake wa lori, Mkwaju, mpenda wanawake wa kila kituo, aliishia kufa kwa UKIMWI. Tofauti ni kwamba Mkwaju aliumbwa ili afundishe, naye Ashley aliumbwa kuwa kasisi tu. Somo lilimkuta miaka mingi baadaye, akiwa tayari mtu.

Mwaka wa tamthilia pia hupitiwa na mambo ambayo hakuna kikao kilichoyapanga. Clive Hornby, aliyemwigiza Jack Sugden tangu 1980, alifariki Julai 2008. Jack hakuweza kufa siku hiyohiyo. Visa vilivyomhusu vilihitaji njia ya kutokea. Kisa kilimweka Hispania, na Februari 2009 habari za kifo chake zikafika kijijini. Kwenye mazishi alikuwepo Sheila Mercier, aliyeigiza mama yake, Annie, mwanamke yuleyule aliyemzika mumewe katika kipindi cha kwanza mwaka 1972. Hakuna mapambo ya studio yanayoweza kutengeneza miaka 36 ya namna hiyo.

Halafu kuna wanaosoma kabla ya kuona. Majarida kama Inside Soap, lililoanza 1992, hueleza kila wiki yatakayotokea wiki inayofuata, kwa idhini ya watayarishaji wenyewe. Kwa mgeni ni kichekesho: kwa nini mtu asome kuwa siri itafichuka Jumatano, kisha aketi Jumatano kuona ikifichuka? Lakini shabiki wa kweli hatafuti kujua nini kimetokea. Anataka awepo pale fulani atakapoambiwa, amwone anavyoikunja midomo.

Mwaka uliovunja kalenda ulikuwa 2020. Uingereza ilifunga shughuli tarehe 23 Machi kwa sababu ya korona, na kamera zikazimwa. Kilichokuwa stoo kilikuwa vipindi vya wiki chache tu. ITV ikachukua hatua ya mama mwenye unga kidogo na watoto wengi: kuanzia wiki ya tarehe 30 Machi, vipindi sita vya Emmerdale vikapunguzwa kuwa vitatu, ili akiba iende mara mbili ya mwendo wake. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kwa majuma kadhaa watu waliofungiwa ndani walitazama kijiji ambacho wakazi wake walikuwa wakikumbatiana na kujazana baa, maana walirekodiwa kabla ya janga. Siku ya kijijini haikuwa tena siku ya mtazamaji.

Upigaji ulirejea tarehe 20 Mei, na Emmerdale ikawa ya kwanza kati ya tamthilia kubwa za Uingereza kurudi kazini. Vilitengenezwa vipindi sita vya muda, kila kimoja na wahusika wawili watatu tu, wamefungiwa pamoja kama watazamaji wao, wakizungumza mambo waliyoyakwepa miaka. Vilirushwa Juni, vikairudisha saa ya kijiji kwenye saa ya nchi. Kisha ikaja kazi ya kupiga visa vya kawaida bila watu kusogeleana: waigizaji walisimama mita mbili mbalimbali, na pembe ya kamera ikaupunguza umbali huo machoni. EastEnders haikuwa na bahati hiyo. Akiba yake iliisha tarehe 16 Juni, ikatoweka hewani hadi 7 Septemba, mara ya kwanza tangu ianze.

Tangu hapo mabadiliko makubwa yameletwa na namna watu wanavyotazama. Jukwaa la ITV la mtandaoni, ITVX, lililozinduliwa Desemba 2022, huweka kipindi cha siku kuanzia asubuhi, hivyo mwenye haraka anaweza kujua mwisho akiwa kwenye treni ya kazini, muda wa saa kumi na mbili au zaidi kabla ya mama yake aliyesubiri jioni. Hadhira ya usiku ule wa ndege haitarudi. Siku hizi watazamaji huhesabiwa kwa milioni chache, na wengi wao hutazama wanapopata nafasi. Februari 2025 ITV ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 Emmerdale na Coronation Street zitashirikiana saa moja ya jioni, kuanzia saa mbili hadi saa tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, nusu saa kila moja. Kipindi kirefu cha Alhamisi, kilichokuwa kikihesabiwa kama viwili, kikaondoka kwenye mpango. Kwa mwaka hivyo ni vipindi 52 pungufu, na wiki ya Emmerdale imerudi kuwa ya vipindi vitano, kama ilivyokuwa mwaka 2000.